Dohani ya Jikoni

Tuliinunua nyumba Februari, hapa Hancock,
theluji ikiwa imefika madirishani,
na katikati ya jiko, kama mgeni aliyekataa kuaga,
ilisimama dohani:
matofali kutoka sakafuni hadi darini,
mekundu palipopona, meusi palipoungua,
na kwingineko kijani cha hospitali
kilichopakwa na mtu mwenye haraka.

Verner akasema, "Tuifunike,"
kama mtu asemaye funga mlango, kuna baridi.

Basi kila mmoja akailetea nguo.
Verner: fremu, bodi za jasi, lipu laini, rangi nyeupe,
mtu asijue kwamba ndani mna kitu.
Mama yake, Lempi, kwa simu kutoka Marquette: vigae,
vile vya maua ya buluu, "unapangusa mara moja, basi."
Jirani Odell: mbao za ghala lililoanguka,
anazo, za bure, zina misumari kidogo tu.
Mimi sikuwa na neno. Nilikuwa na brashi ya waya.

Nilianzia chini, ambako hakuna anayetazama,
dawa ya kubandua rangi mkononi, dirisha wazi, kofia kichwani.
Chini ya kijani, krimu.
Chini ya krimu, karatasi ya ukutani yenye mabirika.
Chini ya mabirika, gundi ya unga wa ngano,
na chini ya gundi masizi,
yametulia, hayana pa kwenda.

Wote walikwisha kufunika kabla yetu.

Kwenye kimo cha kifua changu palikuwa na sahani ya bati
iliyochorwa mlima ambao si wa huku,
imeziba tundu la jiko la kuni lililouzwa zamani.
Niliing'oa kwa bisibisi.
Ndani: unyoya, msumari, giza.
Halafu upepo wa juu ya paa ukanipumulia usoni.
Nilirudi nyuma hatua mbili
nikaomba radhi, sijui kwa nani.

Signe, mwashi, alikuja Jumanne,
akaacha buti mlangoni, akagonga matofali kwa kifundo cha kidole
kama daktari anayegonga mgongo wa mtoto.
Alichomeka ufunguo wa gari kwenye maungio;
mchanga ukamwagika sakafuni, mwingi kuliko tulivyotaka kuona.
"Rangi ya mafuta imeikaba.
Tofali hunywa maji, hutoka jasho.
Ukilinyima pumzi hupasuka kimyakimya.
Na hizo mbao, sahauni. Tanuri la chini bado linatolea moshi humu."

Tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hatukufundishwa la kufanya
na ukuta uliojengwa ili kuuficha ufa.

Verner alinyamaza. Ananyamaza kwa ustadi;
amerithi kwa baba yake, aliyefia hospitalini
bila kumwambia yeyote anaumwa wapi.
Usiku ule nilisikia kitu kikikwaruza jikoni
nikadhani panya.
Alikuwa amepiga magoti, bila taa ya juu,
anachokonoa maungio kwa patasi ya marehemu.

Tulichofanya mwishowe hakivutii kwenye picha.
Tulijaza maungio kwa chokaa na mchanga.
Pande tatu tulizipaka chokaa nyepesi,
maziwa yaliyotiwa maji, wekundu ukichungulia.
Upande wa nne, ule wa nyuma ya mlango wa stoo,
tumeuacha na vyake vyote: kijani, krimu, mabirika.
Sahani ya bati nimeirudisha. Mlima umepinda kidogo.

Lempi alikuja Pasaka, koti bado mwilini.
"Mbona hamjamaliza?"

Verner alikuwa ameegemea pale,
mgongo wa fulana umeshika weupe.
"Mama," akasema, "hapa pana joto.
Njoo uguse."

Akamtazama mwanawe, akaitazama dohani,
akavua glavu moja.